Mama Nyuma, Mkwe Mbele

Mama yangu anaitwa Nakhungu, na ukitaka kumjua usimtazame usoni, tazama shamba lake. Huko kwetu Tongaren watu wengi hupanda mahindi kwa kukadiria na macho. Mama hupanda kwa kamba. Anachomeka kijiti huku na kijiti kule, anaivuta kamba mpaka inalia, halafu ole wake kibarua atakayeiweka mbegu kando hata kwa upana wa kidole. Ataifukua na kumrudishia mkononi. Majirani humcheka msimu wa kupanda, kisha huja kumwomba awasaidie kunyoosha mistari yao. Hata kanisani nimemwona akilisukuma benchi la mbele kwa goti, polepole, pasta akiwa katikati ya maombi, kwa sababu halikulingana na benchi la pili. Pasta alisema amina, benchi likawa limenyooka.

Baba alipofariki, miaka mitatu iliyopita, alimwachia Mama hilo shamba na tatizo moja: mahindi yatafikaje ghalani? Baba alikuwa na mkokoteni na punda, na punda naye hakukaa sana baada ya mwenyewe. Ikabidi Mama amtegemee Baba Mdogo Wekoye, ndugu yake Baba, mwenye pikapu. Baba Mdogo si mtu mbaya. Ni mtu wa kesho tu. Kila mavuno Mama alimwomba, naye kila siku akasema, "Kesho, shemeji, bila wasiwasi." Mwaka jana magunia ya Mama yalikaa kando ya njia kesho nne, mvua ikayapiga, mahindi yakaota ndani ya gunia. Nilimkuta ameketi kando yake akichambua punje moja moja. Hakulia. Alisema tu kwamba mwaka ujao hataomba mtu. Akauza mitamba wawili, akatangaza kwamba anataka tuktuk ya mizigo, ile ya gurudumu moja mbele na mawili nyuma, yenye sanduku la kubebea. Mtamba wa tatu hakuwapo. Akinunua mbovu, basi ndiyo imekwisha, atarudi kwa kesho za Baba Mdogo hadi uzeeni.

Mtu pekee katika ukoo aliyejua magari ni mume wangu, Kevin Wamalwa, fundi wa gereji mjini Bungoma. Na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanzia.

Kwetu sisi Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Hawasalimiani kwa mkono, hawaketi kiti kimoja, hawali meza moja. Siku hizi vijana wengi wamelegeza, unawakuta wakipiga selfi na mama wakwe zao. Mama na Kevin hawajalegeza hata uzi. Mimi nadhani wanashindana. Kwa miaka saba ya ndoa yetu hawakuwahi kusemeshana ana kwa ana. Kila neno lilipitia kwangu. Wako hatua tano mmoja na mwenzake, na Mama anasema, "Joy, muulize mgeni kama chai iko na sukari." Kevin, ambaye masikio anayo, anajibu, "Joy, mwambie Mama iko sawa kabisa." Chai haikuwa na sukari. Aliinywa yote, akaongezwa.

Mjumbe hauawi, wanasema, lakini huchoka. Mimi nilijifunza kuyalainisha maneno njiani. Kevin akisema, "Mwambie Mama huyo ng'ombe amekonda kwa sababu hapewi chakula," mimi nafikisha kwamba Kevin amempenda ng'ombe na angefurahi kumwona akila zaidi. Mama akisema, "Huyo mume wako analala mpaka jua linamchoma," nafikisha kwamba Mama ana wasiwasi na afya yake. Amani ya nyumba yetu ilijengwa kwa uongo wangu mdogo mdogo, na nilijivunia kazi hiyo.

Basi Jumamosi moja ya Septemba tukaenda Kitale, kwa mzee mmoja anayeitwa Gathogo, anayeuza tuktuk na pikipiki zilizotumika, uani kwake karibu na mtaa wa Tuwan. Gathogo ni mcheshi, ana kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka. Alitupokea kama ndugu waliopotea. Tuktuk ilikuwa imesimama katikati ya ua, imepakwa rangi ya buluu mpya mpaka unajiona ndani yake.

"Hii ni kitu ya nguvu," akasema Gathogo, akiipiga ubavu kwa kiganja. "Mimi hii singeuza, ni vile tu Mary Ann ananisumbua ati uwanja imejaa."

Mary Ann ni mke wake. Alikuwa jikoni, mlango wazi, na nilimsikia akikohoa kwa nguvu. Wakati huo nilidhani ni moshi.

Kevin akaanza ukaguzi. Mume wangu hanisikilizi mimi, lakini injini huisikiliza. Aliiwasha, akafumba macho, akainamisha kichwa kama mtu anayepokea ujumbe kutoka mbinguni. Alikanyaga klachi, akabana breki, akachungulia mafuta, akalala chini dakika moja kuangalia kama inavuja. Haikuvuja. Akainuka, akapangusa mikono, akasema, "Joy, mwambie Mama injini ni nzuri."

Mama naye alikuwa na ukaguzi wake. Alizunguka mara tatu. Aligonga sakafu ya sanduku kwa mpini wa mwavuli. Akamgeukia Gathogo, ambaye si mkwe wake na anaweza kusemeshwa. "Inabeba magunia ngapi?"

"Sita," akasema Gathogo. "Saba ukiomba Mungu."

"Mimi naomba kila siku," Mama akasema. "Sasa iende barabarani tuone."

Gathogo akachukua kitambulisho cha Kevin kama dhamana na kutuelekeza: mpaka kwenye posho mill, mashine ya kusaga unga, kwa barabara ya udongo, tugeuze, turudi. Hapo tukasimama tukitazamana, yaani mimi niliwatazama, wao walitazama vitu vingine. Ndani ya tuktuk hiyo dereva anakaa, na mtu mmoja mwembamba anaweza kujibana pembeni. Mama si mwembamba, na hata angekuwa uzi, hangekaa bega kwa bega na mkwe wake. Nikapanda mimi mbele. Mama akasema atakaa nyuma, kwenye sanduku. Kevin alikwenda kukagua lango la Gathogo kwa makini sana wakati Mama anapandishwa kwa kigoda. Lango halikuwa na tatizo lolote.

Mama aliketi juu ya gunia tupu, upande wa kushoto penye chuma cha kushikilia, akakipa kibanda cha dereva mgongo. Angeketi akitazama mbele, macho yake yangekutana na kisogo cha Kevin kupitia kidirisha kidogo kilicho nyuma ya dereva, na hilo nalo lingekuwa aibu. Kwa hiyo alisafiri kinyumenyume, mwavuli mapajani, akiitazama Kitale ikimwacha.

Usiku uliotangulia mvua ilinyesha, barabara ilikuwa laini. Kevin aliendesha kama aliyebeba mayai. Kila shimo aliliomba msamaha. Tulipofika mahali palipo tambarare nikaona anaubana usukani, mkono wake wa kulia umekaza mishipa.

"Nini?" nikamuuliza.

"Inavuta kushoto," akanong'ona.

"Mbona inavuta?"

Akatazama mbele, masikio yakamwiva. "Joy, si unajua nani amekaa upande gani."

Ilinichukua muda kuelewa. Mume wangu, fundi wa miaka kumi na mbili, aliamini kwamba tuktuk inalemewa kushoto na mama yangu. Na kwa kuwa aliamini hivyo, hangeweza kusema neno. Mwambie mama mkwe ahamie upande mwingine, na tayari umesema kwamba ana uzito, na tayari umekiri kwamba umeufikiria mwili wake. Afadhali mtu ageuzie gari mtaroni. Nami nilicheka kwa ndani na kunyamaza, jambo ambalo sikujivunia baadaye.

Tulipita posho mill, tukageuza, tukarudi. Gathogo alikuwa akitusubiri langoni, meno yote nje.

"Sema, fundi. Si nilikwambia?"

Kevin alisita. Niliona jinsi jambo lilivyopanda mpaka kooni na kushuka tena. "Iko sawa," akasema. "Joy, mwambie Mama iko sawa."

Nikazunguka nyuma kumteremsha Mama. Aliposhuka hakuniachilia mkono. Alinivuta hatua chache nje ya lango na kunionyesha barabara kwa ncha ya mwavuli.

"Angalia hiyo mistari."

Niliangalia. Magurudumu matatu yalikuwa yamechora mistari mitatu kwenye tope, imenyooka vizuri kutoka posho mill. Nikasema naona mistari.

"Wewe ulipanda na mimi shamba miaka yote hiyo na huoni?" Akashusha sauti. "Gurudumu la mbele liko katikati. Mstari wake utakaa katikati. Huu umeenda kwa jirani."

Hapo nikaona. Mstari wa kati haukuwa wa kati. Ulikuwa umekaribia ule wa kushoto, kama mtu anayesikiliza siri, na upande wa kulia kumebaki nafasi ya kupanda maharagwe. Njia nzima ya kwenda na kurudi, Mama akiwa ameketi kinyumenyume, hakuwa na kitu kingine cha kutazama.

"Hii kitu imepinda mgongo," akasema. "Inatembea kiubavu."

"Basi tumwambie Kevin!"

"Amesema iko sawa."

"Mama, lakini umeona—"

"Nimesema nini? Amesema iko sawa mbele ya watu. Yeye alisomea magari, mimi nilisomea jembe. Nitamwaibisha mkwe wangu kwa Kitale? Wacha." Akafungua kifundo cha leso alimotia pesa za mitamba wake. Akaanza kuhesabu noti. Mama yangu, ambaye hawezi kuivumilia mbegu moja iliyokaa kando, alikuwa tayari kununua tuktuk nzima iliyopinda ili mwanaume mmoja asione haya.

Nilisimama pale nje ya lango nikiwa na nusu mbili za jambo moja. Nusu moja nilipewa mbele, nusu nyingine nyuma, na wenyewe walikuwa hatua tano mmoja na mwenzake, kila mmoja akimheshimu mwenzake kuelekea hasara. Hasira ikanishika. Nilifikiria yale magunia kando ya njia. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba sikutaka kulainisha kitu.

"Kevin!" nikaita. "Kuja hapa. Mama anasema mistari imepinda na wewe umesema iko sawa na anaogopa kukuaibisha. Na Mama, Kevin anasema inavuta kushoto na ameogopa kusema kwa sababu wewe ndiye umekaa kushoto. Sasa mmeambiwa. Mficha uchi hazai!"

Methali ni nzuri, ila nilipoisikia ikitoka ndipo nilipokumbuka nimesimama kati ya nani na nani. Mama alitazama mbinguni. Kevin alitazama viatu. Gathogo peke yake ndiye aliyenitazama mimi, na kofia yake ikawa imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Kevin akaja. Aliitazama ile mistari kwa muda mrefu, akachuchumaa, akapima kwa shubiri upande wa kushoto, kisha kulia. Alipoinuka alikuwa fundi tena. Akaugeukia mwimo wa lango, akausemesha kwa adabu zote.

"Mama," akauambia ule mwimo. "Tafadhali, tukienda mara ya pili, kaa upande wa kulia."

Hakusema "Joy, mwambie." Nilijikuta nimefungua mdomo kufikisha, kwa mazoea, na hapakuwa na cha kufikisha.

Mama akalipa lango mgongo. Kisha akaijibu barabara. "Kulia kabisa ama kulia kidogo?"

"Kabisa, Mama."

"Sawa."

Tukaenda tena. Mama alikaa kulia kabisa, na mkono wa Kevin ukakaza mishipa vile vile. Ilivuta kushoto. Alitoa pumzi ndefu, ya mtu aliyesingizia na sasa anatubu. Halafu, bila kugeuka, akapaza sauti kupitia kidirisha: "Mama! Mistari?"

"Imepinda!" akajibu Mama kutoka nyuma, na naapa sauti yake ilikuwa na furaha. "Imepinda ile ile!"

Uani Kevin alilala tena chini, safari hii si kwa dakika moja. Alikwangua ile rangi ya buluu kwa ncha ya bisibisi, na chini yake akakuta chuma cha fremu kimeungwa kwa kuchomelewa, kovu nene kama kidole gumba.

"Ilianguka kidogo," akasema Gathogo.

"Mzee," akasema Mama, "kidogo ni gani? Ililala ama ilibingirika?"

"Ililala." Gathogo akavua kofia yake hatimaye, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo. "Ikalala, halafu ikabingirika. Lakini polepole."

"Si nilikwambia uwaambie?" Mary Ann akapiga kelele kutoka jikoni. "Si nilikwambia?"

Gathogo akashusha bei, na aliishusha sana, lazima niseme ukweli wake. Nilimwona Mama akiutazama ule ubuluu mara moja ya mwisho. Aliipenda. Lakini akasema mahindi yaliyopandwa kombo hayanyooki kwa kupunguziwa bei, akafunga kifundo chake, akamwomba Mary Ann maji ya kunywa, tukaaga.

Tulirudi mikono mitupu. Njiani Mama alikuwa akikunja vidole kimoja kimoja, na nilijua anahesabu wiki zilizobaki mpaka mavuno. Niliumia. Nilijiuliza kama ningefunga mdomo, labda ile tuktuk mbovu ingefaa angalau kwa msimu mmoja. Langoni kwake Kevin alisimama, akavua kofia, akauambia ua wa michongoma: "Mama, nitatafuta ingine. Lakini sitasema iko sawa kabla wewe hujakaa nyuma."

Ilipatikana Kimilili baada ya wiki tatu, kwa mwanamke mmoja muuza miche. Haikuwa na rangi ya kutajika. Honi ilikuwa imekufa na kiti kimepasuka. Kevin alisikiliza injini, akalala chini kwa nusu saa, akakwangua kila mahali mpaka mwenye tuktuk akauliza kama ananunua au anachuna. Mama alipanda nyuma, akaketi kinyumenyume, tukaenda kwenye njia ya udongo. Aliposhuka alitembea juu ya mistari ile mitatu kwa miguu yake, mguu mmoja mbele ya mwingine, hatua ishirini.

"Hii hata mimi sikupanda hivi," akasema. Akalipa.

Sasa kulikuwa na jambo la kumfundisha kuendesha. Alikwenda Bungoma akachukua leseni ya kujifunza, akiwa mwanafunzi mzee kuliko wote kwenye foleni, na akamrekebisha karani jinsi ya kupanga foleni. Mwalimu ni Kevin. Kusemeshana walikuwa wameshazoea, kwa kutazama pembeni, lakini kubanana kwenye kibanda cha dereva ni jambo lingine, hilo hata mimi singewaomba. Kwa hiyo Mama alikaa mbele peke yake na mwalimu akakaa nyuma kwenye sanduku, mdomo kwenye kidirisha, akipiga kelele: "Klachi, Mama! Klachi! Hiyo ni breki!" Walizunguka malisho wiki mbili. Ng'ombe walihama wenyewe.

Siku ya kupeleka mahindi ilifika Novemba, mawingu meusi yamejaa upande wa Mlima Elgon. Tulipakia magunia sita. Mpango ulikuwa kwamba Mama aendeshe polepole mpaka ghalani, na Kevin akae juu ya magunia akimwelekeza. Baba Mdogo Wekoye alikuja kutazama, mikono mgongoni, akasema kwa upole kwamba pikapu yake ingekuwa na nafasi, labda kesho.

Mama akawasha. Akaendesha mpaka nje ya lango, akasimama vizuri kabisa. Kevin akaruka chini kurudi kuangalia mistari, maana sasa ugonjwa ule umemshika yeye.

"Iko sawa, Mama!" akaita, akiwa ameinama.

Nikasikia gia ikiingia. Kevin akainua kichwa. "Mama, ngoja nipande. Mama! Ngoja!"

Hakungoja. Tuktuk iliondoka na magunia yake sita, ikapita nyumba ya Baba Mdogo bila kupunguza mwendo, ikakata kona kwenye mikaratusi, na sauti ya injini ikazidi kuwa nyembamba. Kevin akasimama katikati ya barabara, suruali imejaa tope, akaniuliza ninacheka nini. Nilikuwa nacheka kweli, kisha nikagundua ninalia. Tangu Baba afe sikuwahi kumwona Mama akienda mahali bila kwanza kuomba mtu.